Nionyeshe Picha, Siyo Lenzi

Bibi yangu alikuwa na utani mmoja aliourudia kila nilipokwenda kumsalimia. Akiniona nimeshika simu ataniambia, "Wewe mume wangu, picha yangu utanipiga lini? Au unasubiri niwe maiti?" Na jibu langu lilikuwa lile lile miaka yote: "Nikipata kamera, bibi." Nilikuwa nasema hivyo huku simu iko mkononi. Ilikuwa na ufa kwenye kona ya kioo, lakini picha inapiga vizuri tu. Nilishapiga nayo viatu vyangu, vikombe vya chai, jua likizama, na pikipiki ya rafiki yangu kutoka pande zote nne.

Bibi alifariki msimu wa korosho, hapa hapa Mbesa, akazikwa siku ile ile. Siku ya arobaini shangazi aliyetoka Masasi akauliza swali la kawaida kabisa: "Jamani, picha ya mama iko wapi, nami nikaiweke ukutani kwangu?" Tukatazamana. Tukapekua mabegi, tukapekua sanduku la kanga, tukafunua hadi godoro. Ikapatikana moja tu, ile ya kwenye kadi ya mpiga kura. Ndogo, haina rangi, bibi anatazama mbele kama mtu aliyeshtakiwa. Tukaipeleka steshenari mjini wakaikuza, na kadiri ilivyokuzwa ndivyo sura ilivyozidi kupotea. Hiyo ndiyo iko ukutani Masasi leo. Bibi yangu, aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu, amebaki duniani kwa picha aliyopigwa na mtu asiyemjua, aliyemwambia atulie na asicheke.

Kwa hiyo naandika nikiwa na hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi. Lakini sipo peke yangu. Kila kijana ninayemjua huku Ruvuma anayesema anapenda picha ana sentensi moja inayoanza na "nikipata". Nikipata kamera kubwa. Nikipata lenzi ile. Nikipata laputopu ya kuhariri. Nikihamia Dar. Na wakati tunasubiri kupata, watu tunaotakiwa kuwapiga picha wanaondoka mmoja mmoja.

Hoja yangu ni hii, na sitaizungusha: kusubiri kamera ni njia yenye heshima ya kukwepa kazi. Hakuna atakayekucheka ukisema huna kifaa. Watu watakuhurumia. Lakini ukisema unacho kifaa na bado hujui uelekeze wapi, hapo utaonekana. Ndiyo maana tunalipenda sana tatizo la vifaa. Linatuficha.

Hivi uongo huu tumeufundishwa na nani? Ingia mtandaoni utafute kujifunza kupiga picha. Mtu wa kwanza utakayekutana naye anafungua boksi. Ametoa kamera mpya, anaigeuzageuza, anakuambia mwaka huu hii, ile ya mwaka jana imepitwa. Dakika kumi na tano zimekwisha na bando lako nalo limekwisha, hujaona picha hata moja ya binadamu mwenye shida au furaha ya kweli. Nenda kwenye makundi ya wapiga picha kwenye simu. Mtu akituma picha nzuri, swali la kwanza ni "Mkuu, umetumia nini?" Hakuna anayeuliza yule mzee kwenye picha ni nani, wala kwa nini ametazama pembeni.

Ninyi wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa vitabu, basi tuchukue mfano wa huko. Nani kati yenu aliwahi kumaliza Rosa Mistika akauliza Euphrase Kezilahabi alitumia kalamu ya kampuni gani? Swali lenyewe linachekesha. Tunachokumbuka ni kwamba kijana wa Namagondo, Ukerewe, aliitazama Namagondo kwa ukali na kwa huruma, na riwaya ikatoka mwaka 1971, na watu wakasumbuka. Hakusubiri kijiji chake kiwe Paris. Sasa kwa nini tukifika kwenye picha akili zinatuhama? Kwa nini kwenye uandishi tunauliza umeona nini, na kwenye upigaji picha tunauliza umenunua nini?

Najua utasema picha ni mashine, na uandishi siyo. Sawa. Basi twende kwa watu wa mashine.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alianza na kikamera kidogo cha Kodak alichopewa na ami yake mwaka 1935, hajasomea popote. Alipofungua studio yake mwaka 1948 alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua. Kitambaa cha nyuma cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Na kwa sababu vifaa vya kupigia vilikuwa ghali, kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Hebu jaribu kufikiria hilo. Mtu amekuja amevaa nguo zake zote nzuri, amelipa, na wewe una nafasi moja. Lazima umtazame kwanza. Lazima umsogeze bega, umgeuze kidevu, uone mkono unakaa wapi, ndipo ubonyeze. Leo picha zile zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na ukizitazama unaona wazi kwamba ule umakini ulizaliwa na uhaba.

Au njoo karibu zaidi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie kuukuu, kisanduku ambacho huwezi kurekebisha karibu chochote. Akaanzisha Camerapix Dar mwaka 1963. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia nzima.

Na vuka Mto Ruvuma, hapa hapa kwa jirani zetu Msumbiji. Ricardo Rangel, aliyezaliwa mwaka 1924 katika mji ambao leo ni Maputo, aliingia kwenye kazi hii kupitia chumba cha giza, akisafisha picha za watu wengine. Kabla hajawa na jina alikuwa ameshaona makosa ya wenzake mia kwa mia. Baadaye akawa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza wasio wazungu kuajiriwa na gazeti nchini mwake, na wakoloni wa Kireno wakawa wanazuia picha zake zisichapwe. Wakaguzi wale hawakuogopa kamera yake. Gazeti lilikuwa na kamera nyingine. Walichoogopa ni mahali alipoielekeza.

Hapa nataka nisimame, maana najua kuna msomaji ameshaanza kutabasamu na kuandaa ile kauli maarufu: "Kamera bora ni ile uliyo nayo." Samahani, na hiyo nayo siitaki. Mara nyingi anayeisema ana kamera tatu kabatini. Ni kama mwenye shibe anayemsifia mwenye njaa kwa wembamba wake. Uhaba siyo baraka. Mohamed Amin hakubaki na kile kisanduku. Alitafuta vifaa bora kila alipoweza, na alifanya vizuri. Simu yangu haiwezi kupiga ngoma usiku, picha inakuwa uji. Haiwezi kumpiga mchezaji aliye goli la pili, anakuwa kidoti. Jioni ndani ya nyumba isiyo na umeme, inabahatisha. Anayekuambia kwamba hayo hayajalishi anakudanganya kwa upole, na uongo wa upole ni uongo tu.

Kuna jambo zito zaidi. Vifaa havina akili lakini vina upendeleo, maana vimetengenezwa na watu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipewa kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi yake ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Sisi weusi tulitoka vyovyote tulivyotoka. Husimuliwa kwamba mwongozaji filamu Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu za Kodak kwa sababu hiyo hiyo. Na usidhani mambo yameisha. Fungua simu yako uone ile "urembo" inayojiwasha yenyewe: inamfuta mzee makunyanzi, inampaka weupe ambao hakuomba. Kijana anampiga mama yake halafu anamtumia ndugu yake picha ya mwanamke mwingine kabisa. Kizima hicho kitu. Leo.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko upande wa wauza vifaa, wala upande wa wahubiri wa ufukara. Mkulima mwenye jembe la mpini uliolegea halisifii jembe lake, wala halali nyumbani mpaka anunue trekta. Analijua linalegea wapi, analishika kwa namna yake, analima. Kukua kwa mpiga picha asiye na vifaa kunaanzia hapo: jua ubovu wa chombo chako kwa undani kuliko mtu yeyote, kisha panga kazi yako uwe mbali na ubovu huo.

Nitasema nilichojifunza mwaka huu mmoja tangu arobaini ile, kwa simu ile ile yenye ufa. Siyo siri, mtu yeyote anaweza.

Kwanza, mlango. Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja wa mbele na ndani kuna kiza. Mweke mtu hatua moja ndani ya kizingiti, uso umeelekea nje, jua lisimguse moja kwa moja. Wewe simama nje, usimzibe. Mwanga wa mlango utamzunguka uso kwa ulaini, na kiza cha nyuma yake kitameza ndoo, baiskeli na madumu yote. Hiyo "nyuma iliyofifia" ambayo watu wanaitafuta kwa lenzi ya mamilioni, mlango wa bibi ungenipa bure.

Pili, uso wetu. Simu ikiona ukuta mweupe au anga, inaingiwa na hofu, inapunguza mwanga wa picha nzima, na mtu anabaki kivuli chenye meno. Gusa uso kwenye kioo, pandisha mwanga polepole mpaka uone macho. Uso ukijaa picha nzima inafanya kinyume, inatupausha kama waliopakwa majivu; hapo shusha. Hakuna mashine itakayokujali kiasi hicho. Hiyo ni kazi yako.

Tatu, miguu. Kuvuta picha kwa vidole kwenye simu nyingi za kawaida siyo kusogea karibu. Ni kukata picha na kuipanua tu, kama tulivyomfanyia bibi kule steshenari. Sogea. Na ukisogea karibu na mtu itabidi umsalimie, umwambie unataka nini, usikie ndiyo au hapana. Huku kwetu mtu mzima humkaribii na simu bila shikamoo. Lenzi ndefu inakuruhusu uibe sura ya mtu kutoka mbali. Simu inakulazimisha adabu.

Nne, na hili ndilo gumu: hesabu. Wazee wetu wa kamera za filamu, wale waliokuja kijijini na baiskeli siku ya Idi, walikuwa na filamu ya picha 36. Ikiisha imeisha. Sisi tuna maelfu, na maelfu hayo ndiyo yanayotuua. Nimejiwekea picha 36 kwa wiki. Jumapili nazitazama zote, nachagua moja, na kwenye daftari naandika kwa nini nimeichagua na nyingine zimekosea nini. Wiki nyingine hakuna hata moja inayostahili, naandika hivyo hivyo. Daftari hilo limenifundisha kuliko video zote za mafungua-boksi. Kumbukeni Keïta na picha yake moja: uhaba ule tunaweza kujiwekea wenyewe, bila kulipa kitu.

Tano, chapa. Picha isiyochapwa haipo. Simu ikianguka kisimani, ikiibwa stendi, ikijaa ukafuta "vitu visivyo na maana", ukoo mzima umekwenda. Ninapomaliza mwezi naiweka ile michache kwenye memori kadi, mtu anayekwenda Songea ananichapia. Halafu naipeleka kwa mwenyewe. Nilimpelekea mzee mmoja anayekaa njia ya shambani kwetu. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kingine, kisha akasema, "Kumbe nimezeeka hivi, na hamkuniambia." Akaondoka nayo ndani. Kesho yake alinitumia mtoto na bakuli la korosho.

Sasa nijibu hoja ambayo ni ya haki, ya fedha. Rafiki yangu, naye anapiga picha, aliniambia: "Ndugu yangu, hayo ni mashairi. Mimi nikienda kwenye harusi na simu, hawanilipi. Mteja analipia ukubwa wa kamera." Ni kweli. Nimeona mtu mwenye kamera kubwa isiyo na hata kadi ndani akipewa kiti cha mbele. Sina dawa ya hilo. Mwenye kutaka biashara ya harusi atafute kamera: akope, akodishe, achange na wenzake. Sitamcheka.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kamera kubwa inakupa kazi, haikupi jicho. Nenda ukatazame albamu za harusi kutoka mji wowote: bwana harusi amebeba gari kiganjani, bibi harusi yumo ndani ya ua, vifaa vya mamilioni, na albamu zote unaweza kubadilishana majina hakuna atakayegundua. Wenye vifaa hivyo wamekwama, na hawajui wamekwama kwa sababu wateja wanalipa. Halafu kuna upande wa pili. Siku hizi kila mteja ana simu yake. Asichoweza kujifanyia ni ile picha ya mlangoni iliyopigwa kwa subira, iliyochapwa, iliyo mkononi. Watu wa hapa wameanza kunilipa kwa hiyo. Siyo nyingi. Inatosha kuchapa za mwezi unaofuata.

Mwisho, kwa nini nang'ang'ania Mbesa, wakati ningeweza kusubiri niende mahali penye "mandhari"? Kwa sababu ya waliotupiga picha kabla yetu. Picha za mwanzo za nchi hii zilipigwa na maafisa, wamisionari na wafanyabiashara wa kikoloni, na nyingi zimekaa Ulaya mpaka leo. Kila Februari 27 Songea inawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Tunayajua majina ya baadhi yao. Ni wangapi tunazijua sura zao walivyokuwa wakicheka, wakila, wakiwabeba wajukuu? Wakati ule kamera zilikuwepo nchini. Zilikuwa mikononi mwa watu wengine, na watu hao walichagua cha kupiga.

Leo kamera ziko mikononi mwetu. Ndogo, zina nyufa, lakini ni zetu. Na sisi tunachagua nini? Sahani za chipsi. Wanaokuja kutupiga ni wageni wa mradi, wanapiga mtoto mwenye kamasi, wanaondoka. Kisha tunalalamika kwamba dunia inatuona vibaya. Nani ameipa dunia kitu kingine cha kutazama? Nani amewapiga akina mama wanaochambua korosho huku wakisutana kwa vicheko? Nani amepiga foleni ya mnada, sura za wakulima wakisubiri kusikia bei? Sisemi kila kitu kipigwe. Mambo ya unyago na jando yana wenyewe, na mpiga picha asiyejua kuiweka simu mfukoni hajakua, hata awe na lenzi gani. Lakini vilivyo wazi, vinavyotusubiri kila siku mlangoni, hivyo havina kisingizio.

Mpaka leo nimepiga wazee 31 wa hapa na vijiji vya jirani, kila mmoja kwenye mlango wake. Wawili wameshafariki. Siku ya msiba wa yule wa kwanza, mwanawe alinifuata pembeni akaniuliza kama ninayo kopi nyingine, maana wako watoto saba na picha ni moja. Nilikuwa nayo. Sijawahi kuulizwa hapo kwamba nilitumia simu ya aina gani.

Kamera nitanunua, inshallah, nikipata hela, na nitafurahi sana siku hiyo. Lakini mlango wa nyumba ya bibi umefungwa kwa kufuli sasa, na kila nikipita saa kumi jioni naona mwanga unaukuta pale pale, vile vile. Wewe unayesoma hapa, mwenye simu mkononi: nani kwenu bado hana picha? Nenda leo.